Mkataba Unaolipa Ukifa, Unaolipa Ukiishi

Wakala wa bima huijua siku ya mshahara. Hufika shuleni saa ya mapumziko, akaketi na walimu ofisini kwao, akatoa karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza inasema: ukifariki kabla ya miaka 10 kutimia, familia yako italipwa shilingi milioni moja. Ya pili inasema: miaka 10 ikitimia nawe u hai, utalipwa mwenyewe shilingi milioni moja. Mwalimu mmoja huuliza makato ya mwezi ni kiasi gani. Mwingine ana swali zito zaidi, na mara nyingi huliuliza kwa sauti ya chini: hivi mtu anayemwamini Mungu anaruhusiwa kuandikiana na kampuni juu ya kufa kwake?

Swali hilo linastahili kujibiwa na mtu aliyeifungua hesabu yenyewe. Wengi wanaoitetea bima ya maisha, na wengi wanaoiharamisha, hawajawahi kukaa na namba zake wakaona zinavyotembea. Wakifanya hivyo watakuta humo jambo la kutuliza moyo, na watakuta pia jambo la kuudhi ambalo halizungumzwi sana mimbarini wala madhabahuni.

Bima ya aina hii ni bima ya maisha yenye akiba. Afrika Mashariki huuzwa sana kwa sura ya bima ya elimu, mzazi akitaka fedha ziwe tayari mtoto anapoingia sekondari au chuo. Kwa macho ya mtaalamu wa hesabu za bima, ndani yake mna mikataba miwili. Mmoja hulipa kifo tu: mtu akifa ndani ya muda, familia inapata, akiishi, hapati kitu. Wa pili hulipa uhai tu: mtu akifika mwisho wa muda anapata, akifa njiani, hakuna anayepata. Kila mmoja peke yake una ukali wake. Ukiiunganisha, linazaliwa jambo jipya: milioni moja lazima ilipwe, maana binadamu hana hali ya tatu kati ya kufa na kuwa hai. Kisichojulikana ni siku ya kulipa. Na mafao hayo mawili kamwe hayalipwi pamoja, kwa kuwa moja likilipwa jingine limekufa.

Sasa namba. Wachukuliwe watu 1,000 wenye umri wa miaka 35. Kwa ajili ya mfano, tuseme kila mwaka hufariki watu 5 katika kila 1,000 walio hai, fedha zilizowekezwa huzaa asilimia 8 kwa mwaka, na anayefariki hulipiwa mwisho wa mwaka aliofariki. Kampuni halisi hutumia majedwali ya vifo yenye kiwango tofauti kwa kila umri, lakini njia ni hiyohiyo. Baada ya miaka 10 watakuwa wamebaki watu 951 hivi. 49 watakuwa wametangulia mbele ya haki. Ili kila mtu alipwe milioni moja kwa wakati wake, mfuko unahitaji leo shilingi 473,457 kwa kila mwanachama. Kati ya hizo, 440,548 ni za kuwalipa watakaoishi, na 32,909 tu ni za kuwalipa watakaokufa. Mkataba ambao watu wanauogopa kama mkataba wa kifo una uhai kwa asilimia 93.

Akilipa kila mwaka, na tukiacha kando gharama na faida ya kampuni, kila mmoja atatoa shilingi 66,606. Mtu anayejiwekea akiba peke yake, kwa ongezeko lilelile la asilimia 8, angehitaji kuweka 63,916 kila mwaka ili afikishe milioni moja. Tofauti ni shilingi 2,690 kwa mwaka. Hiyo ndiyo gharama ya kifo ndani ya mkataba huu, na ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema mambo ya imani. Mtu aliyelipa 66,606 kila mwaka kwa miaka 10 angekuwa na shilingi 1,042,083 kama angeziweka mwenyewe kwa ongezeko hilohilo. Bima inamkabidhi 1,000,000. Shilingi 42,083 zilizobaki zimekwenda wapi? Katika mfano huu ambao kampuni haijachukua hata senti, zimekwenda zote kwa wajane, wagane na mayatima wa wale 49. Kuna mtoto ambaye baba yake alilipa mara moja tu, shilingi 66,606, akafariki kabla ya mwaka kwisha, na nyumba ikapokea milioni nzima. Fedha hizo zilitoka kwa watu 951 wasiomjua mtoto huyo, wasiowahi kufika msibani kwao, na ambao wengi wao hawajui hadi leo kwamba walitoa.

Tena gharama hiyo hailingani mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza, sehemu ya malipo inayobeba hatari ya kifo ni shilingi 4,318. Kadiri akiba ya mtu inavyokua, pengo ambalo wenzake wangelazimika kumzibia hupungua, na gharama nayo hushuka. Mwaka wa 10 ni sifuri kabisa, kwa sababu anayekufa ndani ya mwaka huo na anayeuvuka salama wote wanalipwa milioni moja siku ileile. Katika mwaka wa mwisho, kwa upande wa fedha, mfuko hauna cha kupoteza wala cha kuvuna kwa mtu kufa au kuishi. Anayesema kwamba bima ya maisha daima huombea mtu kifo, au daima humwombea uhai, hajaufikia mstari huo wa hesabu.

Pingamizi la kwanza la waumini ni la elimu ya ghaibu. Aya ya mwisho ya Sura Luqman inafundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia nchi gani. Waraka wa Yakobo unawakemea wanaopanga biashara ya mwaka mzima wakati hawajui hata ya kesho. Basi kampuni imepata wapi kujua vifo vya miaka 10? Jibu ni kwamba haijui kifo cha mtu yeyote. Inajua kundi. Jedwali la vifo likiulizwa kuhusu mwalimu fulani wa hesabu wa darasa la saba, halina la kusema. Siku ya kila mtu imebaki palepale ilipokuwa, kwa Mwenyezi Mungu, na bima nzima imejengwa juu ya kukiri kwamba siku hiyo haijulikani. Lau ingejulikana, hakuna ambaye angekata bima.

Historia ya jedwali lenyewe inashangaza. Katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Caspar Neumann alikusanya kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa kati ya mwaka 1687 na 1691. Zama zile watu waliamini kuwa miaka ya umri inayogawanyika kwa 7 au 9 ina mkosi, kwamba mtu wa miaka 49 au 63 yumo hatarini kuliko jirani yake. Neumann aliangalia makaburi yanasema nini na hakuona mkosi wowote. Kumbukumbu zake zilifika London, na mwaka 1693 mwanaastronomia Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, akazitumia kutengeneza jedwali la vifo lililokuja kuwa mfano kwa wengine. Katika jedwali hilo, kati ya watoto 1,000 wa mwaka wa kwanza, ni 598 tu waliofika miaka 20. Kuhesabu vifo, kwa hiyo, kulipata nguvu mikononi mwa mtu wa dini aliyekuwa akipambana na ushirikina.

Haikuishia hapo. Mwaka 1744 wachungaji wawili wa Uskochi, Robert Wallace na Alexander Webster, walianzisha mfuko wa wajane na mayatima wa wachungaji, wakisaidiwa na mwanahisabati Colin Maclaurin. Kilichowasukuma kilikuwa aibu. Mchungaji akifa, mkewe alitolewa kwenye nyumba ya kanisa pamoja na watoto, na kanisa lililohubiri huruma kwa mjane halikuwa na cha kumpa mjane wake. Walihesabu kwamba kati ya wachungaji 930 walio kazini, 27 hufariki kila mwaka na 18 huacha wajane. Walikadiria mfuko utafikia pauni 58,348 mwaka 1765. Ulifika 58,347. Usahihi huo huwafurahisha wanahisabati; mwenye imani ana haki ya kufurahia zaidi ule mkate uliofika mezani kwa wajane.

Hata hivyo, waliopinga hawakuwa wajinga. Mwaka 1681 sheria ya bahari ya Ufaransa, iliyoandaliwa chini ya waziri Colbert, ilipiga marufuku kukatia bima uhai wa watu, kwa hoja ya zamani ya Kirumi kwamba mtu huru hana bei. Uingereza iliruhusu, na ikaona matokeo: watu wakawa wanaweka dau juu ya uhai wa wakubwa wasiokuwa na uhusiano nao wowote, wakisubiri magazeti kujua kama mgonjwa fulani maarufu amekata roho. Mwaka 1774 Bunge likapitisha sheria kwamba hakuna ruhusa kukata bima juu ya uhai wa mtu ambaye huna masilahi ya kweli katika kuishi kwake. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka mpaka kati ya bima na kamari, na nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, zimeurithi mpaka huo. Waswahili husema kufa kufaana. Sheria ya 1774 ilikuwa ikikataza kufaana kwa namna hiyo.

Wanazuoni wa Kiislamu wamekwenda mbali zaidi kwa uchambuzi, na wanastahili kusikilizwa hata na wasio Waislamu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alijadili bima ya mizigo ya baharini na kuwakataza wafanyabiashara kuchukua fidia yake. Katika karne ya 20 Mustafa al-Zarqa alisimama peke yake au karibu peke yake, kwenye kongamano la Damascus la mwaka 1961, akitetea kwamba bima inaweza kuwa halali. Wengi hawakumfuata. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah Desemba 1985, liliharamisha bima ya kibiashara na kuhalalisha ile ya kusaidiana. Hoja zao zinajulikana: gharari, yaani kuuziana kitu kisichojulikana, kamari, na riba.

Hoja hizo zikiletwa mbele ya namba zetu, hazina uzito sawa. Ile ya kamari ni dhaifu kwa bima hii, kwa sababu hakuna anayecheza ili apate kwa kumkosesha mwenzake. Mtoto aliyepata milioni moja amempoteza baba. Ile ya gharari ina nguvu kiasi, maana kiasi cha kulipwa kinajulikana lakini mtu hajui atalipa mara moja au mara kumi kabla ya kulipwa. Ile ya riba ndiyo isiyokwepeka. Ile asilimia 8 ndiyo inayoibeba hesabu yote, na kampuni nyingi za ukanda huu huipata kwenye hatifungani za serikali na amana za benki. Mwislamu anayejali dini yake hawezi kuambiwa afumbe macho hapo.

Takafuli, bima ya kusaidiana kwa misingi ya sharia, ilizaliwa kutokana na mashaka hayo. Sudan ilikuwa na kampuni yake mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria mwaka 1984, na Kenya ikapata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Katika takafuli ya familia, mchango wa mwanachama hugawanywa tangu mwanzo. Sehemu kubwa huingia kwenye akaunti yake ya akiba na kuwekezwa katika mambo ya halali. Sehemu ndogo huingia kwenye mfuko wa tabarui, yaani sadaka ya hiari ya wanachama kwa wenzao watakaofikwa na kifo. Akifika mwisho wa muda salama, hupata kilichomo kwenye akaunti yake, kiwe zaidi ya milioni au pungufu. Hakuna anayemwahidi kiasi kamili, na huo ndio upungufu wake kwa mzazi anayetaka uhakika wa ada.

Lakini mgawanyo huo una ukweli mkubwa. Zile shilingi 2,690 ambazo bima ya kawaida huzificha ndani ya 66,606, takafuli huzitoa nje na kuzitaja kwa jina lake. Katika Uislamu na Ukristo, nia hubeba uzito wa tendo. Watu 951 waliotoa bila kujua wamefanya jema, ila hawakupewa nafasi ya kulikusudia. Wengi hufika mwisho wa miaka 10 wakinung'unika kwamba wamepata kidogo kuliko wangepata benki, wakati kilichopungua kililisha mayatima. Kampuni yoyote, iwe ya kawaida au ya takafuli, ingeweza kuwaambia ukweli huo kwa mstari mmoja kwenye taarifa ya mwaka. Kutowaambia ni kuwanyima thawabu wanayostahili kuikusudia.

Kuna pingamizi jingine ambalo halitokani na vitabu vya fiqhi. Jamii ya Waamishi nchini Marekani kwa kawaida hukataa bima ya kibiashara, hata mwaka 1965 sheria ikawaondolea waliojiajiri miongoni mwao mchango wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa wao huamini mjane ni jukumu la ndugu na kanisa, si la mkataba. Mswahili anaelewa hoja hiyo bila kufundishwa. Vyama vya kufa na kuzikana vimejaa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Mtu akifiwa, daftari hupita, sufuria na turubai hutoka, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na miaka mingapi. Kwa utu, mkataba hauwezi kushindana na jirani anayelala msibani siku tatu. Lakini daftari lile humaliza kazi yake arobaini inapopita. Ada ya kidato cha tatu hufika miaka minne baadaye, wakati rambirambi zimesahaulika na wajomba wana watoto wao. Hapo chama na mkataba havigombani, kila kimoja kina msimu wake.

Sasa lile jambo la kuudhi.

Ilisemwa hapo juu kwamba binadamu hana hali ya tatu kati ya kufa na kuwa hai. Kwa Mungu ni kweli; kwa mkataba si kweli. Kuna mwanachama ambaye hakufa, wala hakufika mwisho: yule aliyeacha kulipa. Mwalimu aliyesimamishwa kazi mwaka wa pili, mama ambaye mumewe aliugua figo na kila shilingi ikaenda hospitali, huyo hakuandikwa kwenye safu yoyote kati ya zile mbili. Katika mikataba mingi ya aina hii, anayeacha ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo harudishiwi chochote, na anayeacha baada ya hapo hurudishiwa pungufu ya alichotoa. Katika mfano wetu, aliyelipa mara mbili ametoa shilingi 133,212. Gharama ya kifo katika miaka hiyo miwili haifiki hata 9,000. Kilichobaki ni akiba yake mwenyewe. Kampuni itajibu kwamba kamisheni ya wakala na gharama za kuandikisha hulipwa mwanzoni, na ni kweli hulipwa mwanzoni. Ila huo ni mpangilio ambao watu waliupanga, na watu wanaweza kuupangua.

Qurani inakataza watu kulana mali kwa batili, ikitaka biashara iwe ya kuridhiana. Torati inamwamuru mkopeshaji kumrudishia maskini vazi lake la rehani kabla jua halijazama. Anayevunja bima kwa ajili ya ugonjwa ni mtu wa vazi hilo. Kumwacha mikono mitupu ili hesabu ya wengine ipendeze ni dhulma, hata kama sahihi yake ipo chini ya ukurasa. Dhambi ya bima hii, kama inayo, haimo katika kuhesabu kifo. Imo katika kutomhesabu aliyeishiwa.

Aliyefika salama naye ana haki ya kuambiwa kitu kimoja zaidi: bei za vitu zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, milioni yake ya mwaka wa 10 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa shilingi 613,913. Fao la uhai halilindwi dhidi ya soko isipokuwa mkataba una bonasi, na bonasi mara nyingi haina ahadi.

Kwa hiyo masheikh na wachungaji wanaoulizwa swali la mwalimu yule wasiishie kwenye halali na haramu ya jina la bima. Waombe kuona jedwali la kinachorudishwa kila mwaka kwa anayeacha, walisome kama wanavyosoma mirathi, kisha watoe kauli. Na mamlaka za bima, TIRA ya Tanzania na IRA ya Kenya, ziagize jedwali hilo lichapwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za milioni moja.